Jahazi Lenye Watu Ndani

Majahazi madogo yanayouzwa Lamu huwa matupu. Pita madukani kuanzia forodhani hadi Langoni, kisha shika njia ya ufukweni hadi Shela ukaangalie kwenye kumbi za mahoteli. Tanga limetwekwa, foromali, ule mti unaobeba tanga, imekaa sawa, macho mawili ya omo, mbele ya chombo, yamepakwa nyekundu na nyeupe, vanishi inang'aa. Ndani hamna kitu. Hamna nahodha, hamna baharia, hamna gunia la mtama wala boriti moja. Mimi mwenyewe nimeyatengeneza mengi ya namna hiyo, na mtu akiniuliza mbona hayana watu, humjibu kwamba mgeni hataki kulipia watu, maana watu wana kazi. Ni kweli. Mtu mmoja wa sentimita tano anaweza kula muda mwingi kuliko tanga zima.

Lakini kuna sababu nyingine. Jahazi likishakuwa na mtu ndani, anayelitazama atauliza anakwenda wapi na amebeba nini.

Kupaka sanamu ndogo nimejifunzia kwenye simu, kwa kuwatazama mafundi wa Hispania, Poland na Japani ambao wanaweza kuonyesha mshono wa koti kwenye mgongo usiozidi ukucha. Wengi wao hutumia kipimo cha 1:35, yaani sentimita moja kwa kila sentimita 35 za kitu halisi, kile kile cha vifaru vya kivita vya kuunganisha vya Tamiya, na wengi hupaka vita. Humo nimeona maiti waliopakwa kwa ustadi hadi unaogopa kusogeza simu karibu. Nimeona pia sare za SS, kile kikosi cha Hitler, zilizopakwa kwa mapenzi hadi kifungo cha mwisho, juu ya kibao kizuri cha mbao, bila dalili yoyote ya kijiji ambacho mwenye sare alikipitia. Maiti hawakunikera. Sare ndizo zilizonikera, kwa usafi wake. Halafu nikageuka nikatazama rafu yangu, na majahazi yangu masafi yamejipanga kusubiri msimu wa wageni.

Ndiyo maana mwalimu mmoja mstaafu aliponipigia kutoka Mombasa, sikukata simu.

“Fundi, nataka jahazi. Lakini liwe na watu.”

“Watu gani, Mwalimu?”

“Wale ambao hawakulipa nauli.”

Bibi mzaa babu yake alikuwa Myao. Alichukuliwa akiwa mtoto, akapitishwa Kilwa, akapakiwa kwenye jahazi ambalo manowari ya Waingereza ililikamata njiani, na akashushwa Frere Town, kile kijiji ambacho wamisionari wa CMS walikianzisha mwaka 1875 bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu kama yeye. Kengele yao bado imesimama, na kila utingo anayeita “Kengeleni! Kengeleni!” anaitaja bila kuiwaza. Mwalimu hakuwa na picha ya bibi huyo wala jina lake la kwanza kabla ya ubatizo. Alichorithi ni jambo moja: mpaka anakufa, bibi hakuweza kuvumilia harufu ya sifa. Akiisikia, alibadilisha njia.

Kwa asiyeijua, sifa ni mafuta ya papa, yale ambayo mbao za vyombo hupakwa zisiliwe na jua na maji. Kwetu ni harufu ya utotoni. Nimekulia ndani yake.

Nilianza kwa kutafuta jinsi jahazi la watumwa lilivyoonekana, na hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa nzito, kwa sababu kwenye pwani hii chombo cha namna hiyo hakikuwepo. Kule Atlantiki walikuwa na meli zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na mchoro wa Brookes ya Liverpool wa mwaka 1788 wengi tumeuona: watu wamepangwa chini kama dagaa uanikani. Sheria ya mwaka huo iliiruhusu kubeba watu 454. Thomas Clarkson, Mwingereza aliyepigania kukomesha biashara hiyo, aliagiza mfano mdogo wa mbao wa meli hiyo ukatumiwa na mwenzake wa bungeni, William Wilberforce, kuwaonyesha wabunge, na mfano huo hadi leo umo katika makumbusho ya Hull. Kwa hiyo kabla ya watu wa vifaru na sare, kulikuwa na mtu aliyeamua kwamba kitu kidogo kinachoweza kuwekwa mezani kitawafanya wakubwa wainamishe vichwa. Kwenye mchoro wa Brookes kila mwanamume alipewa nafasi ya futi 6 kwa inchi 16. Nilichukua rula nikaipunguza kwa 1:35. Ikatoka sentimita 5.2 kwa 1.2. Nikakata kipande cha karatasi cha ukubwa huo, nikakilaza juu ya meza, na nikaja kunywa chai nikikitazama.

Huku kwetu mambo yalikwenda vingine. Watu walipakiwa kwenye vyombo vile vile vilivyobeba mtama, chumvi, ngozi na boriti, mara nyingi pamoja na mizigo hiyo, wachache hapa na wengi pale, kwa safari ya siku kadhaa. Wengine walikuwa wa kwenda Pemba kwenye karafuu. Wengine walishushwa Malindi, ambako tangu miaka ya 1860 mashamba makubwa ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa na mavuno yakapelekwa Uarabuni. Wengine walipita hapa Lamu kuelekea Banadiri, pwani ya Somalia. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko na kukataza kuwavusha baharini, lakini magendo yaliendelea, na utumwa wenyewe kwenye pwani ya Kenya haukufutwa kisheria hadi 1907. Chombo kilikuwa kile kile. Nahodha alishusha watu, akafagia, akapakia kitu kingine. Waingereza wenyewe walishindwa kuvitofautisha kwa mbali, na kwa kuwa mabaharia wao walilipwa zawadi kwa kila chombo kilichohukumiwa, walichoma na vya wafanyabiashara halali.

Maana yake kwa fundi kama mimi ni kwamba hapakuwa na kiunzi kipya cha kuchonga. Nilichukua jahazi kutoka kwenye rafu, moja la mwembe lenye urefu wa sentimita 43, ambalo kwa kipimo hicho ni chombo cha mita 15. Lilikuwa tayari kuuzwa. Sikubadilisha hata ubao.

Watu niliwafinyanga mwenyewe. Hakuna duka duniani linalouza mtoto wa Kiyao wa 1:35, na Lamu hata brashi namba 0 huletwa kwa basi hadi Mokowe kisha kwa boti. Mifupa ni waya wa shaba kutoka kwenye nyaya kuukuu za umeme, nyama ni ile gundi ya epoksi ya kukandwa ambayo mafundi bomba huzibia matangi. Mikao niliitoa kwenye picha zilizopigwa mwaka 1868 kwenye sitaha ya manowari HMS Daphne, za watu waliotolewa kwenye majahazi ya pwani yetu. Zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza na ni rahisi kuzipata mtandaoni. Wengi ni watoto. Wamekaa chini na magoti yamewafika kifuani, na magoti hayo ni mapana kuliko mapaja. Ukimfinyanga mtu wa hivyo, mkono wako unakataa, kwa sababu umezoea kwamba paja ni nene na goti ni kifundo tu. Mtoto wa mita 1.10 akisimama ni sentimita 3.1, akikaa hivyo anatoshea chini ya kidole gumba.

Wamo 23. Mwalimu alitaka wengi zaidi, nikamkatalia kwa heshima. Nimeona picha za kazi ya ndugu wawili wa Uingereza, Jake na Dinos Chapman, walioijaza jehanamu ndani ya masanduku tisa ya vioo kwa maelfu ya vijisanamu, askari wa Hitler wakikatakata na kukatwakatwa. Iliungua kwenye moto wa ghala la London mwaka 2004, nao wakaitengeneza upya. Ni kazi ya ajabu, sibishi, lakini mimi baada ya dakika mbili jicho langu liliacha kuona mtu na likaanza kuona mchanga. Nilitaka kila aliyemo kwenye jahazi langu aweze kuhesabiwa, na anayehesabu ajikute amerudi mwanzo kwa sababu mmoja yuko nyuma ya mlingoti.

Sasa rangi. Mafunzo mengi ya mtandaoni kuhusu ngozi nyeusi yameandikwa na watu ambao hawajawahi kukaa karibu na mtu mweusi asubuhi. Wanakwambia upake hudhurungi, uweke kivuli cheusi, halafu mwanga wa rangi ya chungwa. Matokeo yake ni kiatu kilichopigwa kiwi. Mimi huchanganya hudhurungi nzito, nyekundu ya udongo na tone la buluu, na kwa mtu mzima wa afya naishia na mng'aro mdogo kwenye shavu na bega. Hawa hawakuwa na afya wala mafuta ya kujipaka. Walikuwa wamepauka. Kila mama wa Kiswahili anaijua rangi hiyo, ndiyo inayomfanya akurudishe ndani kabla hujatoka kwenda chuoni kusoma Kurani. Kwa hiyo baada ya rangi ya ngozi kukauka nilichukua kijivu chenye umanjano kidogo, nikaifuta brashi kwenye kitambaa hadi ikabaki karibu kavu, nikaipitisha juu juu kwenye magoti, viwiko, miundi na kwenye vidole vya miguu. Midomo vivyo hivyo. Chumvi ya bahari ikikauka mwilini huacha ramani nyeupe, na hiyo niliichora kwa ncha, mgongoni mwa wawili waliokaa karibu na ubavu ambako mawimbi huruka.

(Wanaofanya kazi hii pwani wananielewa nikisema kaskazi ni adui. Upepo unakausha rangi ya akriliki kwenye brashi kabla haijafika kwenye goti. Dawa yangu ni mkebe wa biskuti wenye sponji iliyoloa, juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi inakaa hai hadi jioni.)

Damu sikuitia hata tone. Niliifikiria. Najua kuipaka: mbichi ni nyekundu yenye vanishi ya kung'aa, kavu ni hudhurungi isiyong'aa kabisa, na wanaochanganya hizo mbili huharibu sanamu. Minyororo pia sikuitia, ingawa Mwalimu aliiulizia. Mnyororo mtazamaji anaujua tangu vitabu vya shule. Akiuona tu, kichwa chake kinasema “aa, watumwa,” na amemaliza, anaweza kuondoka. Bila mnyororo inambidi aulize kwa nini hawa watoto wamekaa hivi katikati ya magunia. Nani anafunga mtoto wa miaka saba aliye maili nyingi baharini? Ataruka aende wapi?

Niliyejifunza kwake zaidi hakuwa fundi wa vita. Ni mama mmoja tajiri wa Chicago, Frances Glessner Lee, aliyezaliwa 1878 na kufa 1962. Katika miaka ya 1940 alitengeneza vyumba vidogo vya kipimo cha 1:12, kila kimoja na maiti wake, ili kuwafundisha polisi kuchunguza vifo. Alitengeneza 20, na 18 bado vinatumika katika ofisi ya uchunguzi wa maiti huko Baltimore. Soksi za wanasesere alizifuma kwa pini. Rangi ya ngozi ya marehemu aliipaka kwa kufuata saa za kifo, ule wekundu na uzambarau unaoshuka upande wa chini. Lakini kinachokukaba ukitazama picha za vyumba vyake ni kalenda ukutani, na viazi vilivyomenywa nusu. Alijua kwamba jambo baya hutokea mahali penye vitu vya kawaida.

Kwa hiyo nguvu zangu nilizimalizia kwa nahodha.

Nahodha ndiye mtu mgumu kuliko wote, kwa sababu ni wa kwetu. Watoto kwenye picha za Daphne niliwahurumia, na huruma ni rahisi kupaka. Yeye nilimvalisha kikoi cheupe chenye mistari ya buluu na nyekundu pindoni. Mstari wa sentimita mbili kwa 1:35 ni nusu milimita, na ukipinda kufuata paja lazima mstari nao upinde, la sivyo nguo inakuwa bomba. Nilimpa kofia. Nilimpa tumbo dogo la mtu anayekula vizuri. Nilimketisha tezi, nyuma ya chombo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika kikombe, na uso nikauelekeza juu kwenye tanga kama anavyofanya nahodha yeyote anayesoma upepo. Sikumkunjia ndita wala sikumpa jino la dhahabu. Mjomba wangu alipomwona akacheka, “Huyu ni nani, mbona kama namjua?” Halafu akatazama walioketi mbele yake, na kicheko kikakatika. Hakuniuliza tena.

Kwetu kuna waungwana na kuna wazalia, yaani uzao wa watumwa, na nani ni nani hulisikii likitajwa ila siku ya posa. Siku hiyo wazee wanakumbuka kila kitu. Hata Habib Swaleh, yule shekhe ambaye leo Maulidi yake pale Msikiti wa Riyadha yanajaza mji wageni, zama zake alilaumiwa na wakubwa kwa kuwasomesha watu ambao wao hawakuona haja wasomeshwe. Hili si siri, limeandikwa. Lakini kuandikwa ni jambo moja, na kuwekwa juu ya meza ya sebuleni likiwa na kikoi ni jambo jingine. Ami yangu aliyenifundisha kuchonga hakuniambia niache. Alisema, “Jahazi ni jahazi. Mbona unalivunjia heshima?” Nilimjibu kwamba sikulifanya kitu, nimelipakia tu. Akanyamaza, kisha akaniambia foromali yangu imezidi urefu. Ilikuwa kweli imezidi.

Mama alikuwa na lake. Yeye utumwa haukumtisha, sanamu ndizo zilizomtisha. Kila aliyepitia chuo anajua kwamba waliotengeneza sura za viumbe wataambiwa siku ya kiyama wazipe uhai, na mimi kazi hii nimeifanya na ugomvi huo nyumbani tangu siku ya kwanza. Safari hii alikuja akakaa karibu yangu, akawatazama wale watoto mmoja mmoja kwa miwani yake ya kusomea.

“Usiwatie mato, mwanangu.”

Jicho kwa kipimo hicho halifiki milimita moja, na mafundi wa mtandaoni huona fahari kulichora hadi mboni. Nilimtii Mama. Niliacha vivuli tu kwenye matundu ya macho, kwa wote, pamoja na nahodha. Basi kwenye chombo kizima macho yaliyopakwa ni yale mawili ya omo, mekundu na meupe, jinsi nilivyoyapaka wakati jahazi lilikuwa bado la kuuzia wageni. Mwalimu alipotumiwa picha aliuliza kama nilikusudia. Nilimwambia ukweli, kwamba ni amri ya Mama. Akasema mwambie mama yako ahsante.

Lililobaki ni sifa. Mwalimu aliomba jahazi lipakwe ndani, kwenye ngama, kabla ya kufungwa kwenye sanduku. Nilidhani anatania. Sisi mafundi wa vitu vidogo tunapunguza kila kitu: mbao, kamba, goti, mstari wa kikoi. Harufu haipunguziki. Kijiko kimoja cha mafuta ya papa ndani ya chombo cha sentimita 43 kinanuka sawasawa na ndani ya chombo cha mita 15, na nyumba yangu ilinuka hadi majirani wakabisha hodi. Jahazi nililiweka darini lipigwe na upepo, na paka wa mtaa mzima wakahamia kwetu. Lakini ukiinama kuwatazama wale 23, na lazima uiname kwa sababu ni wadogo, harufu inakupata puani kabla macho hayajazoea. Hapo ndipo nilipomwelewa bibi wa Mwalimu, kadiri mtu aliyekulia kwenye harufu hiyo na kuipenda anavyoweza kumwelewa.

Alikuja kulichukua mwenyewe. Hatukuwa na hotuba. Alitazama, akanusa, akauliza kwa nini mmoja wa watoto amegeuzia wengine mgongo, nikamwambia anatazama bara. Kuhusu bei tulibishana kwa upande usio wa kawaida, mimi nikishusha, yeye akipandisha. Sikutaka kumtoza mtu pesa nyingi kwa bibi yake. Yeye aliona kwamba nikilipwa kidogo kuliko jahazi tupu, basi wale watu wamehesabiwa si kitu tena. Alishinda.

Tangu hapo mgeni mmoja aliyeiona picha ameniomba nimtengenezee mengine kama hilo, kumi, kwa ajili ya duka lake ng'ambo. Nimekataa. Huyo nimemuuzia majahazi matupu.

Kwa sasa nimeanza Ngome ya Lamu, kwa kipimo cha 1:72 ili itoshe mezani. Wageni wanaijua kama jengo la maonyesho na sherehe, lakini kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa jela, na nataka kuipaka ya miaka hiyo, ndani, saa ya chakula. Kuta ninazo, ua ninao, na mahabusu wawili wameshakaa chini na sahani zao. Milango ya vyumba ndiyo inayonichelewesha. Kama baba au babu yako alikuwa askari jela pale, muulize ilikuwa imepakwa rangi gani, na kama makufuli yalikaa kulia au kushoto, kisha pita kwangu Langoni. Mlango uko wazi baada ya alasiri.